Picha haziendi nikiwa porini: naomba msaada wa ruta na antena kwenye Canter

Dada wa visima, Lubumbashi

Hamjambo ndugu zangu mlioko hapa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi.

Mnaonifahamu mnajua mimi na mume wangu tunakarabati pampu za visima. Kwa miezi minane sasa Canter yetu ndiyo nyumba. Nyuma tumejenga boksi la bati lenye kitanda, jiko la gesi, meza na kabati la vipuri. Tukitoka mjini tunarudi baada ya wiki mbili au tatu. Kazi nyingi ziko nje ya barabara kuu, kati ya Likasi na Fungurume, na nyingine upande wa Kasenga.

Kinachotusumbua ni intaneti. Kila kisima tukikimaliza lazima tutume picha na ripoti, bila hivyo malipo hayatoki. Ujumbe unaingia vizuri, hata wa watoto wetu walioko Mwanza nausoma, ila picha zangu zinazunguka tu, haziendi. Ndani ya boksi ndiyo kabisa. Usiku natoka nje na simu mkononi, nimeshapanda hadi juu ya kichuguu. Wiki iliyopita mwanangu wa mwisho alitimiza miaka saba. Nikamsikia anasema "mama sikusikii" mara tatu, simu ikakatika. Nililia.

Kuna duka mjini wanataka kuniuzia antena ya dola 180, imeandikwa 5G, ina waya wa mita 10. Ninunue?

---

Kaka wa Kampemba

Dada, poleni na kazi, na pole zaidi kwa hilo la mtoto. Antena hiyo usiinunue bado.

Hapo uliposema ujumbe unaingia lakini picha haitoki ndipo ugonjwa ulipo. Mnara unarusha mawimbi kwa makumi ya wati. Simu yako ya 4G mwisho wake ni wati 0.2. Wewe unausikia mnara, mnara haukusikii wewe. Ni sawa na mtu aliye ng'ambo ya mto na kipaza sauti mkononi, na wewe unamjibu kwa mdomo mtupu. Halafu ukijifungia kwenye boksi la bati, ni kama umejibia chumbani na mlango umefungwa.

Antena iliyo nje, juu ya paa, inasaidia pande zote mbili, kinachokuja na kinachokwenda. Ila haizalishi mtandao. Kama mnara ulio karibu ni wa 2G, wa simu na ujumbe mfupi zaidi, hakuna antena itakayoufanya uwe wa 4G. Na minara mingi ya vijijini inaishi kwa sola na jenereta, ikizimika imezimika kwa kijiji kizima. Ndiyo maana nasema upime kabla ya kutoa makuta yako.

Weka kwenye simu programu ya kupima mtandao inayoonyesha namba ya RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara yanayokufikia. Hiyo ni namba hasi. Ikiwa -80 uko vizuri sana. Kwenye -100 kazi bado inafanyika. Ikifika -110 picha zinaanza kugoma, na -120 uko ukingoni. Namba ya pili ni SINR, inayokuambia mawimbi yako yamezidi makelele kiasi gani: juu ya 20 ni safi, chini ya 0 ni vurugu tupu. Pima ndani ya boksi, pima nje, mwombe shemeji apande apime juu ya paa. Rudia kwa kila laini uliyonayo, alfajiri na saa mbili usiku, na uandike kwenye daftari. Ukikuta RSRP ni -85, saa mbili usiku picha hazitoki lakini alfajiri zinatoka, basi mnara umeelemewa na watu, na antena hapo haikusaidii kitu. Hivyo vijistari vya juu ya simu usivisikilize, kila simu inavichora inavyotaka.

Sasa ruta. Chukua inayoingiza laini na yenye matundu mawili ya antena ya mtandao wa simu. Mawili, dada. 4G inatumia njia mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo antena ya waya mmoja inakuachia njia moja tu. Laini mbili ndani ya ruta moja si kitu kilekile: moja inafanya kazi na nyingine inasubiri ya kwanza ianguke, kasi zao hazijumlishwi. Kwa safari zenu hata hilo ni la thamani, kwa sababu kijiji hiki kampuni hii ndiyo inayoshika, kile ni nyingine.

Halafu bendi, yaani fungu la mawimbi ambalo mnara unatumia, na hapa niliumia mimi mwenyewe. Mdogo wangu alinitumia ruta kutoka Marekani, kitu kizuri kweli. Hapa mjini ilishika, nikitoka tu nje ya Likasi kimya. Ruta nyingi za soko la kule hazina bendi ya 20, yaani megahezi 800, inayotumika Ulaya na nchi nyingi za Afrika. Mawimbi ya chini, 700 hadi 900, yanafika mbali na yanapita kwenye majani. Ya 1800 na 2600 yanabeba mzigo mkubwa lakini yanachoka mapema. Programu ileile ya kupimia itakuonyesha bendi mnayoishika mkiwa porini. Iandike, uende nayo dukani, na msikubali ruta isiyo nayo hata wakipunguza bei.

Huo waya wa mita 10 ndio ulionifanya nikujibu usiku huuhuu. Kila desibeli 3 zinazopotea ni nusu ya nguvu. Waya mwembamba wa RG58 unapoteza karibu desibeli 1 kwa kila mita kwenye mawimbi ya juu, kwa hiyo mita 10 zinakubakizia sehemu moja ya kumi. Utalipa dola 180 antena ikusanye, kisha waya uyamwage njiani. Ruta ikae juu kabisa ndani ya boksi, karibu na paa, waya uwe wa mita mbili au tatu, na uwe mnene, wa aina ya LMR-240 au mnene zaidi ya huo. Usiifunge ruta kwenye bati linalopigwa na jua, joto linaiua. Kwenye vichwa vya waya, muulize muuzaji kama ni SMA, aina ya antena za mtandao wa simu. Kuna RP-SMA za waifai zinazofanana nazo kama pacha: zinazunguka na kukaza vizuri kabisa, kumbe pini za katikati hazigusani.

Antena zenyewe ni za aina mbili. Ya duara inasikia pande zote na inafaa gari likitembea. Ya kuelekeza inatazama upande mmoja tu lakini inafika mbali zaidi. Nyinyi mnakaa siku tatu, nne kwenye kisima kimoja, na picha mnatuma jioni gari limesimama. Mimi ningeanza na ya kuelekeza, juu ya nguzo ya mita tano kutoka ardhini, inayopanda na kushuka. Igeuze kidogokidogo, subiri dakika moja kila hatua, ufuate SINR. Miti ya miombo na hivyo vichuguu vyetu virefu kama nyumba vinaziba sana, mita mbili za juu zaidi zinaweza kubadilisha kila kitu. Ila ngurumo ikianza tu, shusheni nguzo na mchomoe waya. Katika hilo msione uvivu hata siku moja.

Neno 5G lisikupandishie bei. Na wakikuletea mashine ya kuongeza nguvu ya mtandao, ikatae: inarusha mawimbi ya kampuni ya simu, inaweza kuwavurugia watu wote wa mnara huo, na si kitu cha kufunga bila idhini ya kampuni na ya ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya nchi yetu.

Umeme ni rahisi. Ruta inakula wati 5 hadi 10. Toa moja kwa moja kwenye betri ya volti 12 bila kupitia inveta, weka fyuzi ndogo karibu na betri, basi.

---

Mjomba wa malori, Kasumbalesa

Wanangu, hapo kwenye umeme niruhusuni. Dada kasema Canter. Canter nyingi tunazoendesha huku zina betri mbili, yaani volti 24, na injini ikiwaka alternata inapandisha hadi 28. Ruta ya volti 12 ukiichomeka hapo inaungua palepale. Niliunguza mbili kabla fundi wa Tunduma hajanieleza.

Na usidanganywe utoe waya kwenye betri moja kati ya hizo mbili ili upate 12. Moja itachoka, nyingine itajazwa kupita kiasi, na mwisho utanunua zote mbili. Nunua kipunguza umeme cha 24 kwenda 12, au ruta ya magari inayokubali volti 9 hadi 30. Wati 10 kwa siku nzima ni wati-saa 240, kwa hiyo gari likilala siku tatu bila kuwashwa usilaze ruta kwenye betri za kuwashia. Ikae kwenye betri ya sola peke yake.

La pili, mwanangu. Umetaja Kasenga. Ng'ambo ya Luapula ni Zambia. Hapa kwetu Kasumbalesa ni hivyohivyo, na Kipushi pia: ruta inaweza kudaka mnara wa jirani bila kukuuliza, na salio linaondoka lote usiku mmoja. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, zima ruhusa ya mitandao ya nje, kisha chagua kampuni yako kwa mkono badala ya kuiachia ijichagulie.

---

Binti wa Kolwezi

Shikamooni wote. Dada, na Starlink, ile intaneti ya setilaiti? Ilipata leseni ya ARPTC mwaka 2025, kazini kwetu watu wanaizungumzia sana.

---

Kaka wa Kampemba

Asante mjomba, hilo la Canter lilinipita kabisa. Dada, fuata la mjomba, langu la umeme lifute.

Binti, mahali pasipo na mnara hata mmoja, hiyo ndiyo njia. Ila ile ndogo, Starlink Mini, inakula wati 25 hadi 40, inataka anga wazi bila matawi, na lazima uchukue kifurushi kinachoruhusu kuhamahama. Kwa dada ningesema apime minara kwanza, daftari litasema kama inahitajika.

---

Dada wa visima

Shikamoo mjomba, hamjambo wengine. Nimechelewa kujibu, tulikuwa nje wiki tatu.

Tulipima kama mlivyosema. Kisima cha kwanza, ndani ya boksi -117, juu ya paa -104. Laini niliyokuwa naitegemea siku zote ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote huko, na ile ya mume wangu, ambayo tulikuwa tunaiweka kwa ajili ya kupokea pesa tu, ilikuwa bora kwa namba 9. Miezi minane hatukujua.

Antena ya dola 180 tuliiacha. Tumepata ya kuelekeza yenye waya mbili za mita tatu, na ruta ya magari ya volti 9 hadi 30, kwa hiyo kipunguza umeme hatukuhitaji. Nguzo tulikuwa nayo tayari, bomba la pampu lililobaki pamoja na jingine jembamba linaloingia ndani yake. Mashimo ya waya mume wangu hakutaka kuyatoboa kwenye paa, ameyapitisha ubavuni chini ya ukingo wa bati, waya ukining'inia kidogo kabla ya kuingia ili maji ya mvua yadondoke nje, halafu silikoni pande zote mbili.

Antena ikiwa juu tunapata -96, na SINR imetoka 1 hadi 13. Ripoti ya picha 22 ilimalizika wakati ugali uko jikoni. Kijiji kimoja kilikuwa na 2G tu na hatukupata kitu, tulituma siku ya pili tukiwa njiani. Kasenga nilizima mitandao ya nje kabla hata ya kushusha mizigo.

Mwanangu sasa anataka kila jioni nimwonyeshe kisima cha siku hiyo. Jana nilimwelekezea simu wakati maji yanatoka, akamwita na bibi yake aje aone.