Jirani anasema mnazi wangu ni dume, niukate?

BintiMchinga
Wakuu wa kilimo, habari za jioni. Nipo Mchinga, Lindi. Bibi aliniachia shamba la mikorosho lenye minazi ndani yake. Mingi ni mirefu ya zamani, ila mmoja karibu na kisima ni mchanga, ndiyo kwanza umeanza kupasua makarara, yale maganda yanayofunika maua. Kila karara likipasuka nautazama ule upunga, yaani shada la maua: maua madogo ya rangi ya maziwa yanamwagika chini mpaka ardhi inakuwa nyeupe, kisha upunga unakauka. Kidaka, yaani nazi changa, hata kimoja hakuna.

Jirani yetu, mtu mzima na ninamheshimu, anasema huo ni mnazi dume, unakula rutuba bure, niukate nipande mwingine. Anatoa mfano wa mivumo ya bondeni, miti ya jamii ya mnazi, mingine inazaa na mingine haijazaa tangu azaliwe. Mnazi huu bibi aliupanda kwa mkono wake, sitaki kuugusa kabla sijajua. Je, mnazi dume upo kweli?

MkweziMikindani
Usiukate, mwanangu. Mimi ni mkwezi huku Mikindani, upunga nauona uso kwa uso, siyo kwa kuinua shingo. Mnazi hauna dume wala jike. Upunga mmoja unabeba maua ya aina zote mbili.

Likipasuka karara jingine, omba mtu akushushie upunga, uuweke juu ya jamvi. Utaona vijiti vingi vimechomoza kwenye shina lake. Kila kijiti, kuanzia nchani kushuka, kimejaa maua dume, madogo, yamebanana. Pasua moja kwa ukucha: ndani kuna nyuzi sita zenye chavua. Sasa fuata kijiti mpaka kinapoungana na shina. Hapo ndipo linapokaa ua jike, la mviringo, limefunikwa vigamba vigumu, kubwa kuliko dume kwa mbali. Hilo ndilo linalokuja kuwa kidaka, kitale, dafu, mpaka nazi. Upunga mmoja unaweza kuwa na maelfu ya maua dume, na majike ishirini au thelathini tu. Pengine hakuna kabisa.

Mnazi wako uko hapo penye "hakuna kabisa". Mnazi unaoanza, punga zake za mwanzo mara nyingi huwa na maua dume matupu. Baadaye majike yanaanza kuja, moja hapa, mawili pale, kisha yanaongezeka. Ukame nao una sehemu yake. Maua jike yanaumbika ndani ya karara kiasi cha mwaka mmoja kabla halijapasuka, na huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Kwa hiyo upunga unaouona leo unakuambia mnazi ulikunywa maji kiasi gani mwaka jana. Mwagilia kiangazi hiki, ila usitegemee majibu mwezi ujao.

Kwenye mivumo jirani yako amesema kweli, ile ina miti dume na miti jike. Mchikichi una tabia nyingine: mti mmoja hutoa mikungu ya maua dume kwa kipindi, halafu ukageuka ukatoa ya maua jike. Mtu akiukuta wakati wa dume anaweza kuuhukumu vibaya vilevile.

Jambo moja zaidi, kwa sababu una minazi mirefu. Kwenye mirefu, dume linatangulia. Maua dume yanafunguka na kudondoka kwa wiki tatu hivi, kisha ndipo majike yanakuwa tayari, kila moja kwa siku chache tu. Utalijua kwa ncha yake: inafunguka, inatoa utomvu mtamu, nyuki na sisimizi wanajaa. Wakati huo chavua ya upunga ule imeshakwisha, kwa hiyo nyingi inatoka kwa minazi mingine, inaletwa na nyuki au upepo. Ule "dume" wa kisimani huenda ndio unaosaidia minazi ya bibi kushika. Minazi mifupi, kama ile myekundu ya Pemba, dume na jike hukutana kwenye upunga uleule, unajichavusha wenyewe. Ndiyo maana mche wa mnazi mfupi hufanana na mama yake, na wa mrefu huwezi kuapia.

MamaUkindu
Nipo Lindi mjini, nasuka mikeka. Naongezea kwa mikindu na mitende, maana hiyo pia ina miti dume na miti jike mbalimbali. Mkindu dume nauchuma ukindu kama kawaida, kwa kazi yangu hauna kasoro, ila tunda hautoi.

Kwa mtende hasara inauma zaidi. Ukipanda kokwa hujui umepanda nini mpaka utoe maua, na hiyo ni miaka. Dume lina maua meupe mengi na chavua inayopukutika ukiligusa. Jike lina vishanga vya manjano vilivyokaa mbalimbali kwenye uzi. Waliozoea kilimo chake hukata nyuzi za dume wakazichomeka katikati ya maua ya jike, na dume mmoja hutosha majike hata hamsini. Nchi yetu ya pwani ina unyevu, tende haziivi vizuri, kwa hiyo msitoe minazi mkapanda mitende.

BintiMchinga
Shikamoo babu, na asante sana mama. Nimeshushiwa upunga mpya wa mnazi wa kisimani. Kwenye vijiti vya chini kabisa nimekuta maua mawili ya mviringo, yana vigamba, kama ulivyoeleza. Nimemwita jirani akayashika mwenyewe, amekubali tuuache.

Swali la mwisho: minazi mirefu ina vidaka vingi lakini vinadondoka, vingine vina madonda meusi yenye utomvu. Ni chavua haijafika?

MkweziMikindani
Marahaba, mwanangu. Vidaka vingi kudondoka ni kawaida, nusu na zaidi huanguka hata kwenye mnazi wenye afya. Ila donda lenye utomvu ni la mdudu anayefyonza vidaka. Chunguza kama kwenye minazi hiyo kuna maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani. Wakiwepo wengi, mdudu huyo hapati nafasi. Mnapopuliza dawa ya wadudu kwenye mikorosho, maji moto nao wanakufa, kwa hiyo mwambie mpulizaji aache mikorosho iliyogusana na minazi.

Ukiona nazi za kila umri zinadondoka kwa pamoja, punga mpya zinatoka nyeusi na makuti yanageuka manjano, hiyo ni habari nyingine. Mwite bwana shamba siku hiyohiyo, maana ugonjwa huo unaua minazi pwani yetu yote ya kusini.