Mrejesho: spika mpya kwenye amplifaya ya Yamaha
Wakuu, niliuliza kama hii Yamaha A-S301 yangu ya wati 60 kila chaneli itasukuma spika kubwa kuliko zile za zamani, jibu ni inasukuma, tena bila kuhangaika. Aliyesema niangalie sensitiviti (yaani spika inatoa sauti kubwa kiasi gani kwa nguvu ileile) kabla ya wati ubarikiwe sana mkuu, maana nimechukua za desibeli 90, ukinzani wa umeme ohm 8, za mwanzo zilikuwa desibeli 87, na hizo desibeli 3 ni kama umeongeza nguvu ya amplifaya mara mbili bila kununua nyingine. Rumba sasa gitaa la solo na la ridhim kila moja nalisikia na sehemu yake, raha sana! Nimezivuta kidogo kutoka ukutani mvumo wa besi ukapungua. Sabufa bado, sebule yenyewe ndogo.