Mjadala: "Mama Fulani" kwenye kadi, tangazo la msiba na daftari la kikoba. Tuendelee au tuandike majina?

Karani wa Kikoba
Naleta hoja, naomba tujadili bila kutukanana. Kadi ya harusi inasema "Familia ya Bw. na Bibi Juma Hamisi wa Tabata inayo furaha kukualika". Huyo Bibi hana jina. Tangazo la msiba linaanza na mume, linafuata na watoto wa kiume na vyeo vyao, kisha "habari ziwafikie" ndugu wa Muheza, Korogwe na Handeni. Marehemu mwenyewe anabaki kuwa mama mzazi wa mtu. Daftari la kikoba ndiyo usiseme: Mama Asha hisa tano, Mama Asha Mdogo hisa tatu, Mama Asha wa Genge hisa mbili. Msimamo wangu: penye fedha, mali au kumbukumbu, mwanamke aandikwe majina yake matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa. Mama Asha ibaki ya kuitana.

Nguzo
Mkuu, tatizo halipo, unalitengeneza. Kwetu mtu mzima hatajwi jina kavu. Baba naye ni Baba Asha, mbona hujamlilia? Rais wa nchi anaitwa Mama Samia na hajapungukiwa kitu. Isitoshe, hayo ya Mama Asha ni lugha ya uswahilini tu. Nenda Masaki au Oysterbay, kwa wenye nazo wa Dar, kule ni Madam, Dokta, Injinia. Watu wakisoma linaisha lenyewe.

Bint Tanga
Hapo kwenye "uswahilini tu" naomba usipite haraka. Huko Masaki unakokusifia, gari likikaribia geti mlinzi anasema "mama karudi". Fungua kundi la WhatsApp la wazazi wa shule ya kulipia, limejaa Mama Brayan na Mama Ethan. Kilichobadilika ni jina la mtoto, desturi iko palepale. Uswahilini kama Tandale wakisema ni ushamba, Masaki wakisema hamsikii.

Nguzo
Dada, usilichukulie hivyo. Nimesema lugha, sijasema watu.

Bint Tanga
Lugha haiongewi na miti. Ukishaiweka chini, na msemaji wake umemweka chini.

Mgiriama wa Kilifi
Hodi kutoka Kilifi, pwani ya Kenya. Naona mnadhani jina la mtoto ndilo linalomfuta mama. Mekatilili wa Menza alizaliwa Mnyazi. Katilili ni mwanawe, na hilo "me" kwetu ni mama wa. Kwa jina hilohilo la umama aliwakusanya Wagiriama mwaka 1913, akawachezesha ngoma ya kifudu, akawalisha kiapo wasiwatumikie Waingereza. Walimkamata wakampeleka hadi Kisii, mbali na kwao kabisa. Umama ulikuwa cheo cha kusimama mbele ya kaya, yaani makao ya jadi ya Wagiriama, na kusikilizwa. Jina linalomfuta mwanamke ni la mume, kwa sababu mume anaweza kulidai. Wangari, yule mwanamazingira wa Kenya, alipoachwa, mume alimtaka aache kutumia jina la Mathai. Akaongeza "a" moja, akawa Maathai, na dunia ikamjua kwa hiyo "a". Mtoto hamwachi mama kwa talaka.

Nguzo
Asante Mgiriama, umesema nilichotaka kusema. Mjadala umekwisha.

Mgiriama wa Kilifi
Sijasema hayo. Wewe ulisema ni lugha ya wasiosoma. Mimi nasema ni lugha ya wenye heshima. Usijifunike shuka langu.

Mzee wa Fumba
Hapa wengi mnasahau kwamba pwani mke hachukui jina la mume, na Uislamu haumtaki achukue. Fatma binti Ali ataolewa na Salim na atabaki binti Ali mpaka kaburini. Huyo Rais aliyetajwa ni Samia Suluhu Hassan. Mumewe ni Hafidh Ameir, na jina lake halimo. Siti binti Saad alizaliwa kwetu Fumba, Unguja, akiitwa Mtumwa. Siti ni jina la heshima, alipewa baadaye mjini alipokwisha kuwa mwimbaji. Tabaka likaonekana waziwazi: jina la Mtumwa liliachwa hadhi ilipopanda, "binti Saad" halikuguswa. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na hakuna aliyemwandika kwa jina la mwanamume aliyemwoa. Hii "Bw. na Bibi Juma Hamisi" ni adabu ya Kiingereza iliyovishwa kanga. Anayeitetea kwa jina la mila aseme ni mila ya nani.

Nguzo
Sasa kadi zetu zimekuwa za kikoloni! Mzee wangu, shikamoo, lakini bara kuna Wakristo, na wao wana taratibu zao. Usiifanye Unguja kuwa nchi nzima.

Mzee wa Fumba
Marahaba. Hata kwa Wakristo, Sheria ya Ndoa ya 1971 haimlazimishi mke kubadili jina. Anayebadili amependa, au ameshauriwa hivyo na watu wasiojua sheria.

Kamati ya Sherehe
Ngoja niseme upande wa kadi, maana ndiyo kazi. "Bw. na Bibi" imedumu kwa sababu inaingia kwenye mstari mmoja. Ukitaka majina ya wazazi wote, mstari wa kwanza weka "Bw. Juma Hamisi na Bi. Rehema Saidi", wa pili "wa Tabata, Dar es Salaam", kisha mwaliko. Tumia herufi za kunyooka kwenye majina. Zile za mwandiko wa kuviringika ziache kwa maharusi peke yao, la sivyo Saidi inasomeka Saida na mchapaji anasema alipewa hivyo. Majina yaandikwe kwenye karatasi na yasainiwe na pande zote mbili kabla ya kuchapa.

Pia kuna wazazi walioachana. Ukichapa "Bw. na Bibi Juma", mke wa sasa ndiye anasomeka kuwa mama wa bi harusi, na mama mzazi yuko meza ya tatu anasoma. Ugomvi mwingi wa ukumbini unaanzia kwenye mstari huo mmoja. Na kwenye mchango, ukiandika "tuma kwa Mama Neema", mchangiaji akibonyeza, simu inamletea jina la usajili asilolijua, anaghairi kwa kuogopa matapeli. Andika jina litakalotokea kwenye simu, Mama Neema iwe pembeni.

Kiapo
Mnazungumzia kadi, mimi nazungumzia mirathi, ambako jina linamnyima mtu haki. Mwanamke akifariki, familia inakaa kikao, muhtasari unamtaja msimamizi, maombi yanapelekwa mahakama ya mwanzo pamoja na cheti cha kifo, mahakama inatangaza, na pasipo pingamizi msimamizi anateuliwa. Kisha anakwenda benki na kukwama. Cheti cha kifo kinasema Rehema Juma, kwa sababu aliyetoa taarifa alitumia jina la mume. Akaunti ni ya Rehema Saidi Mbwana. Karatasi ya mauziano ya kiwanja, iliyoandikwa kwa mkono mbele ya serikali ya mtaa, inasema "Mama Asha". Hao ni watu watatu mbele ya sheria. Na msimamizi ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali mahakamani, muda unaoweza kuisha akizunguka na barua za utambulisho.

Nguzo
Si mnaapa tu kiapo, kazi inaisha? Mnatisha watu bure.

Kiapo
Kiapo cha majina hakibadilishi jina. Kinasema tu kwamba majina haya yote ni ya mtu mmoja. Nguvu yake ni pale anapoapa mwenyewe akiwa hai, akitaja kila jina kwa herufi zilezile na nyaraka lilimo: Hadija na Khadija yote yaandikwe, Mwanahamisi na Mwanaamisi vilevile. Makosa makubwa ni kuapa kwa majina mawili wakati benki wana matatu. Anayetaka kubadili kweli anaandaa hati ya kubadili jina, inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, anaanza na kitambulisho cha taifa, halafu benki, mfuko wa hifadhi na vingine. Ukianzia benki utarudishwa.

Na wanaosema jina ni mapambo wakumbuke ile kesi iliyotambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa. Mahakama ya Rufani, 1983, Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Aliingia kwa jina lake, na kwa jina hilo anatajwa mpaka leo.

Karani wa Kikoba
Hapo ndipo nilipotaka tufike. Daftari liwe na safu mbili, jina kamili na jina la kuitwa, na namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina hilohilo. Mrithi naye atajwe kwa majina matatu, siyo "mwanangu mkubwa".

Bint Tanga
Sawa, lakini bado sijatoka Masaki. Mnamtetea Mama Asha apate majina matatu. Yule binti anayefua, anayepika na kumlea huyo Asha anaitwa nani? "Dada". Mtoto wa miaka mitano anamwita dada, baba mwenye nyumba anamwita dada, na mgeni pia. Akiondoka anakuja mwingine, naye ni dada. Udugu hapo haupo, kwa sababu dada wa kweli hali chakula jikoni wengine wakiwa mezani. Mwenye nyumba akiitwa kwa mwanawe ni heshima, na mfanyakazi anaitwa kwa kazi yake. Hilo ndilo tabaka, Nguzo, na limo nyumba za waliosoma kuliko kwa hao wa uswahilini.

Mgiriama wa Kilifi
Huku ni "anti" mbele yake na "mboch" nyuma yake. Hilo la pili ni tusi hata likisemwa kwa kucheka.

Nguzo
Mmehama mada. Kwani tukimwita "dada" tumekosa nini? Mngetaka aitwe hausigeli? Watu wanajitahidi kuwa na utu, bado mnawasimanga.

Kiapo
Hakuna anayezuia "dada". Ila Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi, na cha kwanza ni jina, umri, anwani ya kudumu na jinsia. Kisha kazi yenyewe, mahali, tarehe ya kuanza, saa, na ujira. Ziwe nakala mbili, moja abaki nayo mwenyewe. Asiyejua majina matatu ya anayelala na wanawe hawezi kuujaza mstari wa kwanza wala kumwandikisha kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, na siku akiugua hospitali itauliza jina.

Nguzo
Nitarudi kesho na hoja ya kadi, maana hamkuijibu.

Kamati ya Sherehe
Ilijibiwa, soma juu. Na anayetaka kadi za mwezi ujao alete majina sasa, yakiwa yamesainiwa na pande zote mbili.