Dawa ya ukungu nimwage shinani mwa mwembe?

Jamaa, hamjambo. Niko Kisauni, naomba ushauri. Mwembe wangu wa ngowe umetoa maua mengi, lakini yamefunikwa na unga mweupe na yanapukutika. Majani machanga nayo yana madoa meusi. Hizo ni kuvu mbili tofauti, ubwiri unga na chule. Muuza dawa ananiambia nichanganye dawa ya kopa (yaani ya madini ya shaba), ninyunyizie juu, kisha itakayobaki niimwage shinani "kusafisha udongo".

Hapo ndipo nasita. Udongoni mna kuvu wengine wanaoishi na mizizi kwa kupeana: mti huwapa sukari, nao huuvutia fosforasi na maji kutoka mizizi isikofika. Na kopa haiozi, hukaa udongoni miaka. Kwa mchanga wetu huu usioshika rutuba, nikiwaua hao nitabaki na nini?

Mliolima miembe huku Pwani, salfa peke yake yatosha kwa ule unga? Ninyunyize saa ngapi nyuki wasidhurike? Matawi yaliyosongamana niyapogoe sasa ama baada ya mavuno?