Mnaoniita mwizi wa au pair: mlitaka dada wa kazi wa bei chee, semeni ukweli

Wakuu, salaam.

Naishi Ujerumani, mume wangu ni Mjerumani, tuna watoto wawili na tumeshakaa na au pair zaidi ya mmoja, yaani binti wa nchi nyingine anayeishi na familia, anasaidia watoto huku anajifunza lugha. Wiki hii nimeitwa mwizi kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wa Kitanzania wa huku. Eti nimemrubuni binti wa watu, akaihama familia iliyomleta akaja kwangu. Nimetukanwa kwa voisi ndefu ndefu, kisha nikatolewa kundini kabla sijajibu. Basi najibu hapa, maana najua wengi wenu mnasoma humu.

Binti hakurubuniwa na mtu. Alinipigia simu mwenyewe akilia, akaja na begi la mgongoni tu. Kwenye simu yake ana picha ya ratiba iliyobandikwa kwenye friji ya yule mama. Saa kumi na mbili asubuhi kuamsha watoto. Halafu vyoo, pasi ya mashati ya baba, chakula cha mchana, kufuata watoto shule, chakula cha jioni, vyombo, mpaka saa tatu usiku. Kwenye mstari wa Jumamosi kuna neno moja tu: saluni. Yaani siku ambayo angepumzika anapelekwa saluni kwa rafiki yake mama kusuka rasta kutwa nzima, na hela anapokea mama. Anapolala ni basementi, pembeni ya mashine ya kufulia, hakuna dirisha. Pasipoti "anatunziwa".

Sheria ya hapa si siri. Imeandikwa na mkataba umesainiwa na pande zote mbili, tena ubalozini wanauangalia mkataba huo kabla hawajatoa viza. Au pair kazi yake ni watoto na kazi nyepesi za nyumbani, saa 6 kwa siku, zisizidi 30 kwa wiki. Anapata siku moja na nusu ya kupumzika kila wiki, na walau Jumapili moja kwa mwezi iwe yake. Anapewa chumba chake chenye dirisha. Mnamlipia bima, mnampa euro 280 za matumizi kila mwezi na euro 70 za kuchangia kozi ya Kijerumani. Kusuka nywele za watu saluni hakumo popote humo. Kwenye karatasi za viza ya binti huyo hakuna saluni, na akikamatwa kule ni yeye atakayeharibikiwa kwanza.

Kinachonichoma kuliko vyote ni hiyo kozi. Mama yule alimwambia Kijerumani kipo YouTube, ajifunze usiku akimaliza vyombo. Jamani! Huyu binti alijibana Dar mpaka akapata cheti cha A1, ngazi ya kwanza ya Kijerumani, maana bila A1 viza hupati. Anayo miezi 12 tu, haiongezwi hata siku moja. Ndani ya miezi hiyo lazima apande mpaka B1, ikiwezekana B2, ndipo aombe mwaka wa kujitolea au mafunzo ya uuguzi ya kulipwa. Asipofika hapo anarudi nyumbani mikono mitupu na umri umekwenda, maana ukishafikisha miaka 27 mlango wa au pair umefungwa. Kumnyima kozi ni kumkatia njia yote iliyo mbele yake, na unaikata kwa ajili ya euro 70 na mashati ya mumeo. Wewe mwenyewe ulikuja huku hujui kusema hata asante, unakumbuka ulivyokuwa unatumwa na kudharauliwa dukani. Unawezaje kumfanyia mtoto wa mwenzio hivyo?

Halafu mnasema "tumemlipia tiketi". Hakuna sheria iliyowalazimisha kumlipia. Mlilipa kwa hiari, mkamkumbusha hiyo tiketi kila alipoomba kupumzika. Binti wa watu hawi deni.

Tuseme na kuhusu kuchagua, maana matatizo yanaanzia hapo. Mwezi haupiti bila mtu kuniandikia pembeni: "Dada, nitafutie msichana asiyejua mji, asiye na simu nyingi, anayejua kazi zote." Kwenye simu ya kwanza mnamuuliza kama anajua chapati na kama ana mchumba. Hakuna anayemwuliza kama amewahi kubaki na mtoto mwenye homa, au akizidiwa huwa anafanya nini. Hakuna anayemwambia kwamba wa kwake wa miaka mitatu anauma, au kwamba yeye na mumewe hawaongei. Chumba hamumwonyeshi kwenye video. Sisi tunazungusha simu nyumba nzima, mpaka chooni, watoto wanaongea naye hata kama wanamkimbia, na anapewa namba ya binti aliyetangulia waongee wawili bila sisi kuwepo. Ambaye hawezi kutoa namba ya aliyetangulia, mabinti mnaosoma humu, mkimbieni.

Na wewe uliyeuliza juzi jinsi ya kumleta mdogo wako kama au pair: haiwezekani, ndugu haruhusiwi. Kama wote wawili nyumbani ni Watanzania na Kijerumani ni lugha mliyoikuta huku, Mtanzania pia hamruhusiwi kumleta. Acheni kutafuta njia za pembeni, mtamfungia binti wa watu viza zote za mbele.

Najua kukaa na mgeni ndani si rahisi, msinijibu kwa hilo. Nimekaa na binti aliyekuwa analia kila jioni mwezi wa Novemba, giza linaingia saa kumi na moja hata haijafika. Nimekaa na mwingine ambaye mkate na jibini wa jioni ulikuwa haupiti kooni, mpaka tukakubaliana siku za kupika ugali. Mengine yalikuwa magomvi ya kweli, ya simu na ya kurudi usiku, na tuliyamaliza mezani, mume wangu akiwepo. Ikishindikana kabisa kuna njia: mkataba unavunjwa kwa taarifa ya wiki mbili, na ofisi ya wageni, yaani uhamiaji ya hapa, inajulishwa. Mkosaji akiwa ni familia, kosa likiwa kubwa, hata hizo wiki mbili hazisubiriwi. Ndivyo tulivyofanya. Ofisini tulikwenda wote watatu, taarifa ya kubadili familia imepelekwa, hakuna kilichofanyika gizani.

Sasa mama mhusika, nakuambia mbele ya watu kwa kuwa ulinitukana mbele ya watu. Pasipoti ulimrudishia baada ya mume wangu kukupigia simu, sawa. Lakini una cheti chake cha A1, una sanduku lake la nguo za baridi, na hujampa euro 280 za mwezi uliopita. Jumamosi saa nne asubuhi tunakuja na yeye mwenyewe kuchukua vitu vyake. Hela usipompa siku hiyo, picha ya ratiba na zile meseji za saluni zinapelekwa kwa mwanasheria. Na nyinyi mlionitoa kundini, kila mmoja wenu mwenye binti ndani ya nyumba, niambieni hapa chini ameanza kozi mwezi gani.