Acheni kutudanganya kuhusu Ashoka: ukoo wa Maurya haukuangushwa na upole

Wakuu, uzi huu ni wa malalamiko na sitapunguza makali. Kila ikiletwa mada ya wafalme wa kale humu jukwaani, hakosi mtu wa kutupakulia hadithi ile ile: Ashoka wa India alikuwa katili, akachinja watu Kalinga, akaona damu, akalia, akatupa upanga akawa mtawa, jeshi likavunjwa na himaya ya Maurya ikasambaratika. Kisha linafuata hitimisho kwamba mtawala mpole huiangusha nchi. Watu wanapongezana, mada inafungwa. Hakuna anayeuliza hayo yametoka wapi.

Hiyo ni chai. Na inaniudhi zaidi kwa sababu Ashoka si mfalme wa kusimuliwa tu. Maneno yake mwenyewe yapo, kachongesha kwenye miamba na nguzo kuanzia Kandahar huko Afghanistan, kwa Kigiriki na Kiaramu, hadi Karnataka kusini mwa India. Mwandiko wa Brahmi, ulioandikiwa mengi ya matangazo hayo, ulishasahaulika kabisa hadi Mwingereza James Prinsep alipoufumbua mwaka 1837. Tangu hapo yanasomeka, na tafsiri zake ni za bure mtandaoni. Kwa nini basi mtu aandike aya kumi kumhusu Ashoka bila kufungua hata tangazo lake moja?

Mwanzo wa ukoo wenyewe mnauruka, na ndio unaoonyesha himaya ilijengwa kwa nini. Chandragupta, mfalme wa kwanza wa ukoo huo, aliwang'oa wafalme wa Nanda pale Pataliputra, Patna ya leo, mnamo 321 KK. Seleucus, jenerali wa Alexander Mkuu aliyejitwalia mashariki ya himaya yake, akajaribu bahati yake upande wa mto Indus. Akaishia kufanya mkataba mnamo 303 KK: akaachia majimbo ya mashariki, akapewa tembo 500 wa vita. Tembo hao walimsaidia kushinda vita vya Ipsus mwaka 301 KK. Balozi wake Megasthenes aliieleza Pataliputra kuwa na ukuta wa mbao wenye malango 64 na minara 570, na wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua magogo ya ukuta huko Patna. Baada ya Chandragupta akaja Bindusara, akaishika himaya bila kuipoteza. Kisha Ashoka, mnamo 268 KK.

Sasa tuje Kalinga, Odisha ya leo, kwa sababu ndipo uongo unapoanzia. Katika tangazo la 13 la mwambani Ashoka anasema kwamba mwaka wa 8 tangu atawazwe aliiteka Kalinga. Watu 150,000 wakahamishwa, 100,000 wakauawa, na wengine wengi zaidi ya hao wakafa. Anasema anajuta. Sibishi, majuto yapo na ni mazito, sijui mfalme mwingine wa zama zile aliyejianika hivyo. Lakini endeleeni kusoma! Tangazo hilo hilo linawaonya watu wa misituni kwamba mfalme, pamoja na majuto yake, bado ana nguvu, na wajirekebishe wasije wakauawa. Hakuna mstari unaosema Kalinga ilirudishiwa uhuru wake. Hakuna mstari unaosema wale 150,000 walirudishwa makwao.

Na hili ndilo linalonichoma kuliko yote. Huko Kalinga kwenyewe, kwenye miamba ya Dhauli na Jaugada, tangazo la majuto halimo. Limerukwa. Mahali pake pamewekwa maagizo kwa maofisa wa miji ya huko, Tosali na Samapa, wasiwafunge watu kwa dhuluma, na kauli kwamba watu wote ni watoto wake. Waliofiwa hawakuchongewa majuto. Majuto walichongewa wa Girnar, magharibi mwa India, na Shahbazgarhi, Pakistan ya leo, zaidi ya kilomita elfu moja mbali. Huyu ni mtawala anayejua siasa. Mnamfanyaje mzee wa kulialia?

Adhabu ya kifo nayo hakuifuta. Tangazo la 4 la nguzoni, miaka 26 baada ya kutawazwa, linawapa waliohukumiwa kufa siku 3 za kujiandaa. Siku tatu, basi. Wala hakuongoka kwa mchana mmoja: anasema mwenyewe kwamba alipokuwa tayari muumini wa dini ya Buddha, kwa mwaka mzima hakuwa na bidii. Na wale wanaoandika kwamba aliua ndugu zake 99, hayo yametoka kwenye masimulizi ya watawa wa Sri Lanka karne nyingi baadaye. Tangazo la 5 la mwambani linataja nyumba za kaka na dada zake zikiwa bado zinakaliwa.

Haya, anguko. Ashoka alikufa mnamo 232 KK. Mfalme wa mwisho, Brihadratha, aliuawa mnamo 185 KK. Ni karibu nusu karne katikati! Wafalme waliopita hapo, orodha za Purana, vitabu vya kale vya Kihindu, zenyewe hazikubaliani juu yao. Tunachoweza kushika kwa mkono ni kama mapango ya Nagarjuni, Bihar, ambayo mjukuu wa Ashoka, Dasharatha, aliwapa watawa wa Ajivika, madhehebu ya zama hizo. Na Brihadratha aliuawa vipi? Masimulizi ya Kihindi yanasema jenerali wake, Pushyamitra, alimuua akikagua jeshi. Sasa niambieni, jeshi lililovunjwa linakaguliwaje? Jenerali wa jeshi lililooza anapataje nguvu ya kumwondoa mfalme na kuanzisha ukoo wake wa Shunga?

Mimi naona tatizo lilikuwa kwenye muundo. Someni tangazo la 6 la mwambani: Ashoka anaagiza aletewe habari za wananchi saa yoyote, awe anakula, awe chumbani, awe bustanini. Kila kitu kilipita kwake. Maliwali wa mbali, Taxila kaskazini-magharibi na Suvarnagiri kusini, na maofisa waliokusanya kodi, walimtumikia mtu aliyekaa Pataliputra. Akipatikana mtu wa kufanya kazi usiku na mchana, inakwenda. Wakija warithi dhaifu wanaogombea kiti, majimbo yanajikatia njia yao. Hapo upole umeingiaje?

Kwa hiyo anayekuja kubisha humu aje na mwamba. Jeshi la Maurya lilivunjwa kwa tangazo lipi, la mahali gani, mstari gani? Weka hapa tuusome wote.