Farasi aliyeumia kano ya mguu wa mbele: malisho, banda na matembezi ya ratiba, au sindano ya plazima?

Mleta mada, Usa River

Ndugu wanachama, habari za jioni. Ninaomba ushauri wa wale waliowahi kutunza farasi wa kupanda mwenye jeraha la kano. Farasi wetu dume aliyehasiwa, ambaye hubeba wageni katika mashamba yaliyo kati ya Usa River na miteremko ya Mlima Meru, aliteleza wiki iliyopita alipokuwa akipanda kingo za korongo lenye tope. Tangu hapo sehemu ya nyuma ya muundi wa mguu wa mbele wa kushoto, kati ya goti na kifundo, imevimba ikajipinda kwa nje kama upinde. Ina joto, na ukiibinya kwa vidole anaunyanyua mguu. Akitembea anachechemea kidogo tu, jambo linalonitia wasiwasi kwa sababu wenzangu wanaona kwamba hali si mbaya.

Nimepewa njia tatu. Ya kwanza ni kumwachia malishoni mwaka mzima bila kumpanda. Ya pili ni kumfungia bandani na kumtembeza kwa mkono kwa ratiba inayoongezeka taratibu. Ya tatu ni kumchoma kwenye kano sindano ya plazima, yaani majimaji ya damu, iliyotengenezwa kutokana na damu yake mwenyewe. Ninampenda mnyama huyu na niko tayari kusubiri, lakini masika yanakaribia na sitaki kuchagua njia ambayo mvua itaiharibu.

Mfugaji, Siha

Pole sana, ndugu yangu. Mimi nasimama upande wa malisho. Farasi ameumbwa kutembea huku akila siku nzima, na ukimfungia ghafla tumbo lake hupunguza mwendo, na msokoto wa tumbo unaweza kumuua kabla kano haijapona. Huku kwetu majike walioumia tumewaacha kwenye uwanja tambarare pamoja na farasi mmoja mpole, tukasahau tandiko kwa misimu miwili ya mvua, nao wakarudi kazini. Gharama ni nyasi na uvumilivu tu. Sindano siipingi, ila sioni kwa nini tuanze na jambo la gharama kubwa wakati mwili una uwezo wake.

Daktari wa mifugo, Moshi

Ndugu mleta mada, kabla ya kulinganisha njia ni lazima ujue kilichochanika na kimechanika kiasi gani. Umbo ulilolieleza linaelekeza kwenye kano ya juu ya kukunja kidole, lakini uvimbe wa eneo hilo unaweza kutoka pia kwenye kano ya ndani au kwenye ligamenti inayokishikilia kifundo, na muda wa kupona wa kila moja ni tofauti. Kuchechemea kidogo si kipimo, kwa kuwa wako farasi wenye tundu kubwa katikati ya kano ambao baada ya siku chache hutembea vizuri kabisa, na hao ndio wanaopandishwa mapema na kuumia upya.

Kipimo kinachohitajika ni ultrasaundi, nayo hufaa zaidi ikifanywa takriban wiki moja baada ya ajali, kwa sababu jeraha la kano huendelea kupanuka katika siku za mwanzo na picha ya siku ya kwanza inaweza kulipunguza ukubwa. Usidhani kwamba ni lazima umsafirishe farasi hadi Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Madaktari wanaopima mimba za ng'ombe wa maziwa hutumia kipimo chenye kichwa kilichonyooka, na kichwa hicho kinaweza kuonyesha kano za mguu wa farasi kwa kiwango cha kuridhisha.

Sasa nije kwenye ulinganisho wenyewe. Kano hupona kwa hatua tatu zinazopishana: siku za uvimbe na joto, wiki kadhaa ambamo mwili unajaza pengo kwa nyuzi changa zilizokaa ovyo, kisha miezi mingi ambamo nyuzi hizo hubadilishwa kuwa imara na kujipanga kufuata mwelekeo wa mvutano. Hatua ya mwisho huendelea kwa mwaka mmoja na zaidi. Nyuzi haziwezi kujua mwelekeo huo bila mzigo kidogo, na hapo ndipo matembezi yanapopata thamani yake: mzigo mdogo, wa kila siku, unaoongezwa kwa kipimo. Malishoni mzigo hauna kipimo. Farasi anaweza kutulia wiki nzima, kisha akashtushwa na fisi au pikipiki, akaenda shoti mara moja na kuchana kila kilichoshonwa. Kwa hiyo, pamoja na heshima yangu kwa ndugu wa Siha, ningeyaacha malisho kwa miezi ya baadaye.

Sindano ya plazima yenye wingi wa chembe sahani, yaani chembe ndogo za damu zinazosaidia damu kuganda, ina mantiki pale ultrasaundi inapoonyesha tundu lililozungukwa na nyuzi nzima, kwa sababu dawa hubaki ndani ya tundu hilo. Hufanywa katika wiki za mwanzo, kabla kovu halijajaa, kwa usafi wa hali ya juu na sindano ikiongozwa na picha. Matokeo ya tafiti zake hayajakubaliana, na hakuna utafiti unaosema kwamba inaondoa haja ya matembezi ya ratiba. Kwa maana hiyo njia ya pili na ya tatu hazishindani. Ya pili ndiyo msingi, na ya tatu ni nyongeza kwa mwenye uwezo na mwenye jeraha la aina hiyo.

Jambo moja la haraka: kama unampa fenilibutazoni, dawa ya kupunguza maumivu na uvimbe, mpe kwa kipimo cha daktari na kwa siku chache. Ikizidi huleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo, na hata ikiwa sahihi huficha maumivu ambayo yangemzuia farasi asiuelemee mguu.

Saisi, Momella

Daktari ameeleza vizuri. Mimi nitaongeza yanayofanyika kwa mikono. Katika siku mbili tatu za mwanzo maji baridi ni dawa kubwa, dakika 15 hadi 20 kila mara, mara kadhaa kwa siku. Walio karibu na mifereji itokayo Meru wanaweza kumsimamisha farasi ndani ya maji yanayotiririka, mradi chini pawe pagumu na ngozi isiwe na kidonda. Baada ya hapo kausha mguu vizuri, kisha funga bendeji juu ya pamba nene iliyolala sawa bila mikunjo. Bendeji iliyokazwa juu ya pamba nyembamba huibana kano ileile unayotaka kuiokoa. Funga na mguu wa kulia pia, kwa kuwa sasa unabeba kazi ya miguu miwili.

Matembezi yakiruhusiwa, anza na dakika tano hadi kumi, na uongeze kama dakika tano kila wiki kadiri daktari atakavyosema. Chagua barabara ngumu na tambarare, alfajiri kabla ya magari, na umwongoze kwa mstari ulionyooka, kwa maana kumzungusha katika duara dogo kunaipinda kano. Tope la masika ndilo adui wako mkubwa. Udongo mweusi unanasa kwato na kuuvuta mguu, kwa hiyo siku ya mvua kubwa ni afadhali atembezwe kwenye korido ya banda, hata ikiwa ni fupi.

Kuhusu hofu ya ndugu wa Siha, ni ya kweli na haipaswi kupuuzwa. Siku ile ile unayomfungia, punguza pumba na mahindi, mjazie nyasi kavu kwenye wavu wenye matundu madogo ili ale polepole, na uhakikishe maji hayakauki. Mweke mahali anapomwona mwenzake. Farasi mpweke huzunguka bandani usiku kucha, na kuzunguka huko ni kazi isiyo kwenye ratiba.

Mfugaji mzee, Monduli

Wanangu, sisi tangu zamani mnyama akivimba mguu tunamchoma kwa chuma cha moto juu ya uvimbe, anapumzika, anapona. Kwa nini halitajwi?

Daktari wa mifugo, Moshi

Shikamoo mzee wangu. Njia hiyo ilitumika sana hata Ulaya, kwa farasi wa mashindano, kwa imani kwamba moto unaita damu ya kuponya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, waliichunguza na kuchapisha matokeo mwaka 1983, wakaonyesha kwamba kuchoma hakukuiponya kano vizuri zaidi, na ngozi ilibaki dhaifu. Wale waliopona walipona kwa sababu ya mapumziko marefu yaliyofuata, na mapumziko tunaweza kumpa bila maumivu hayo.

Mfugaji, Siha

Nimeelewa hoja ya mzigo usio na kipimo, na suala la fisi nalijua. Hata hivyo ningesisitiza kwamba asibaki bandani mpaka mwisho. Akishaanza kwenda matiti, yaani mwendo ulio kati ya kutembea na kukimbia, bila shida, uwanja mdogo wenye uzio imara utamtuliza akili kuliko kamba.

Mleta mada, Usa River

Nawashukuruni nyote. Kesho nitamwita daktari anayepima ng'ombe upande wa Tengeru, na nitaomba picha ya miguu yote miwili ili tulinganishe. Akiona tundu katikati ya kano tutaijadili sindano. Asipoliona, fedha hiyo itakwenda kwenye nyasi, pamba na mshahara wa saisi wa kumtembeza. Vyovyote iwavyo, hatakwenda malishoni sasa. Swali langu la mwisho ni hili: je, mchana naweza kumweka kwenye kizimba kidogo cha nje, badala ya ndani ya banda saa zote?

Daktari wa mifugo, Moshi

Unaweza, ikiwa kizimba hakizidi ukubwa wa banda la kawaida, yaani kama mita nne kwa nne, na sakafu yake haitelezi. Mrudishe ndani kabla ya machweo, umtoe jua likishapanda, kwa sababu wadudu wadogo wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika huuma zaidi jioni, usiku na alfajiri, na huongezeka mvua zikinyesha. Wavu wenye matundu madogo sana kwenye madirisha utasaidia. Kwato zikatwe kila baada ya wiki tano au sita ili kidole kisirefuke na kuivuta kano. Picha irudiwe baada ya miezi miwili au mitatu, na tena kabla ya kila hatua ya kuongeza mwendo: kabla ya matiti, kabla ya kukimbia, na kabla ya kumpandisha mgeni. Kama unene wa kano umeongezeka kuliko picha iliyotangulia, mrudishe kwenye ratiba ya hatua ya nyuma, hata kama hachechemei.